Swali Lililoulizwa Mara Tatu

Euphrasia hakupenda kusomewa. Darasa la saba alilimaliza Kashozi kwa masista, wa pili kwa wasichana wote, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa katekista, kwa hiyo matokeo yale yalikuwa na mkono wa mtu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema hata sasa, na miaka yake sabini na miwili, kwenye ghorofa ya pili huko Greenbelt, Maryland, Marekani, miguu imevikwa soksi juu ya soksi. Basi mjukuu wake Violet alipoleta bunda la karatasi Jumamosi asubuhi, akakaa kitini na kukohoa kama padri anayetaka kuanza kusoma, bibi alinyoosha mkono.

"Lete hapa. Macho ninayo."

Violet alicheka, akampa. Msichana wa miaka ishirini na mitano, mrefu kama baba yake, Ryan, na paji la uso la mama yake, Vumilia, binti wa Euphrasia. Kiswahili alikisikia chote, hata kile cha kusengenyana jikoni, ila kwenye kujibu alijibu kwa Kiingereza na kutupia neno la Kiswahili hapa na pale kama anayenyunyiza chumvi. Siku hiyo chumvi ilizidi, na Euphrasia akajua mara moja kwamba kuna jambo.

"Ndicho kitabu changu, Bibi. Wanachapa wiki ijayo. Ijumaa ndiyo mwisho wa kubadilisha neno."

"Kile cha kujitafuta?"

"Si cha kujitafuta. Ni cha familia. Baba Mmarekani mweusi, mama Mtanzania, mabibi wawili, na mimi katikati."

"Mimi sijapotea," alisema Euphrasia. "Utanitafutaje?"

Vitabu vya namna hiyo alivijua. Miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na wagonjwa waliacha vitabu kama wengine wanavyoacha miavuli. Wakati wa mapumziko alivisoma, polepole, kidole kwenye mstari. Kulikuwa na mama aliyeficha rangi yake mpaka akazikwa nayo. Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akipita mlango wa mbele, mwenzake wa nyuma. Kulikuwa na mtoto aliyelelewa na wazungu akazeeka akiuliza pua yake ilitoka kwa nani. Vilimliza, hakatai. Lakini kila alipofunga kimoja alijisemea kwamba vitabu vya Wamarekani vyote vinauliza swali moja tu, mimi nani, na kwao Bukoba mtoto wa miaka mitano hulijibu swali hilo kabla hajapewa uji: mimi ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, mwiko wetu ni pongo, yule swala wa vichakani, nyama yake hatuli. Amemaliza. Mpe uji.

Violet alikuwa amebandika kikaratasi cha njano kwenye ukurasa mmoja. "Wewe umo sana," alisema, "lakini huu ndio ninaotaka uusome mbele yangu. Ukisema niutoe, nautoa. Ila useme mwenyewe."

Euphrasia alivaa miwani. Ukurasa ulisema hivi, ukiuweka kwa Kiswahili:

*Siku ukoo wa mama yangu ulipompokea baba yangu, bibi yangu wa Bukoba alimwuliza bibi yangu wa Maryland: Ninyi ni watu gani? Bibi yangu wa Maryland hakujibu. Bibi yangu wa Bukoba akasema mbele ya watu: Basi tunamtoa binti yetu kwa watu wasio na kwao. Bibi yangu wa Maryland alichukua mkoba wake akaondoka bila kula. Tangu siku ile hawajakaa meza moja. Mimi nilizaliwa katikati ya maneno hayo.*

Aliusoma mara mbili. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi kama jiwe.

"Sikusema."

Violet alikunja miguu kitini.

"Nani kakwambia? Ernestine?"

"Mama. Halafu nikamwuliza Bibi Ernestine, naye akasema ni kweli."

"Mimi ninakumbuka bei ya sukari siku Nyerere aliyong'atuka. Ninakumbuka gauni alilovaa mkunga aliyenizalisha mama yako. Lingekuwa limetoka kinywani mwangu neno kama hilo, nisingelikumbuka?"

"Sawa, Bibi." Msichana alisimama, akambusu kwenye kilemba. "Mpaka Ijumaa."

Alipobaki peke yake Euphrasia hakuugusa ule ukurasa. Jina lake alilitunza kama watu wanavyotunza sahani za wageni. Kanisani walimwita Mama Mkubwa. Wagonjwa wake waliokufa, watoto wao bado walimletea kadi za Krismasi. Na sasa yeye atazikwa, wote watazikwa, kisha mtu asiyemjua atanunua kitabu dukani na kukutana naye mle ndani, bibi mmoja wa Kiafrika aliyewatukana watu weusi wenzake kwenye siku ya heri. Na wa kuzuia ni yeye, kwa neno moja tu.

*

Kumbukumbu yake yeye ilikuwa hii.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Juni, kwenye ukumbi mdogo wa kanisa. Mumewe, aliyekuwa dereva wa ubalozi, alikuwa ameshafariki, hivyo msemaji wa ukoo alikuwa shemeji yake, Kalisti, aliyekuwa na sauti ya kengele na tumbo la kutosha kusimama mbele ya watu. Euphrasia aliamka alfajiri kupika ndizi na nyama. Ndizi zenyewe alizifuata Baltimore, kwa sababu zile za dukani karibu zilikuwa za kutengenezea keki. Wakaja wakwe: kijana Ryan, wajomba zake wawili, na mama yake, Ernestine, mwalimu, mjane kama yeye, kofia ya rangi ya maziwa, mgongo umenyooka kama rula.

Kwao mgeni haanzi kwa chai. Anapewa kahawa za kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya dawa zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Euphrasia alikileta kikapu mwenyewe, amepiga magoti. Ernestine alichukua tatu, akatia kinywani, akauma. Uso ukabadilika. Akatoa kitambaa, akatema.

Hilo Euphrasia hakulisahau. Alitema kahawa yetu. Mengine yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, maswali na vicheko, halafu ghafla mwanamke yule akasimama, akachukua mkoba, akatoka, na ndizi zake kwenye sahani zikitoa mvuke.

Harusi ilifungwa. Mtoto akazaliwa. Kwa miaka ishirini na saba wakwe hao wawili wakasalimiana kwa vichwa, kila mmoja kwenye benchi lake. Kwenye siku ya kuzaliwa ya Violet, Ernestine alikuja asubuhi na Euphrasia akaja jioni, na mtoto akakatiwa keki mara mbili kila mwaka, akidhani watoto wote ndivyo wanavyokatiwa. Vumilia na Ryan walipohamia Manassas, mbali huko Virginia, wenyewe walisema ni kazi ya Ryan kwenye treni. Euphrasia alijua ni kuchoka kupanga saa za mabibi.

Na cha ajabu, wote wawili waliishia Greenbelt, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

*

Jumapili mchana alikuja Johari kunywa chai. Johari ni Mzanzibari, wa Malindi ya mjini Unguja, walifanya kazi pamoja kwenye ile nyumba ya wazee, na hakuna mtu mwingine Marekani nzima ambaye Euphrasia angemwonyesha ule ukurasa.

Johari aliusoma huku midomo ikicheza. "Enhe. Sasa nambie, shoga yangu. Ulisema hukusema?"

"Sikusema."

"Basi mwambie mtoto autoe, yakwishe."

"Nikimwambia autoe, itaonekana nilisema."

"Basi mwache auchape."

"Nikiuacha, nimekubali."

"Ah! Wewe nawe!" Johari aliweka kikombe. "Cha moto hutaki, cha baridi hutaki. Si alikuwepo shemejio? Mpigie!"

Kalisti alikuwa Columbia, humo humo Maryland, kwa mwanawe, ana miaka themanini na masikio mabovu, kwa hiyo simu ilikuwa ya kelele tangu mwanzo.

"Shemeji! Siku ya posa ya Vumilia, mimi nilisema nini?"

"Ulisema mengi!"

"Kwa mama yake Ryan!"

Ilisikika televisheni huko alikokuwa. "Uliuliza ukoo," alisema Kalisti, sauti imeshuka. "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kama kawaida. Halafu ukamchokoza. Ukasema, basi tunampeleka binti kwa watu wasio na kwao. Watu wetu wakacheka. Nami nikatafsiri."

"Ulitafsirije?"

"Kama ulivyosema!"

"Hukuwaambia kwamba ni mchezo?"

"Shemeji, nani anaeleza mchezo katikati ya mchezo?"

Johari alikuwa amefunika mdomo kwa mtandio. Haikujulikana anacheka au anafanya nini.

Euphrasia alikata simu. Akakaa mikono mapajani. Ni kweli, ule ulikuwa mchezo. Kwenye ukoo wao huulizwa hivyo: mwenyeji anauliza, mgeni anakataa kusema, anauliza tena, mgeni anazunguka zunguka, mara ya tatu mwenyeji anamchoma, na mgeni anatakiwa asimame amrudishie mara mbili, awaambie wenyeji kwamba bila ukoo wake wangekuwa bado wanakula vibichi, ukumbi uanguke kwa kicheko, ndipo ataje ukoo wake na mwiko wake, na ndipo ijulikane kwamba watoto si ndugu na wanaweza kuoana. Kama vile Ryan wa Maryland angeweza kugundulika kuwa binamu wa Kashozi! Lakini desturi ni desturi, ilifuatwa kama ilivyo, mpaka mwisho.

"Basi si unaona?" Johari alimwambia. "Utani tu. Nenda kamwambie, n'lifanya mzaha, hukunifahamu. Yamekwisha."

"Ndiyo," alisema Euphrasia. "Utani."

Lakini alilisema taratibu mno, na Johari, aliyemjua, alimtazama kwa pembe ya jicho.

*

Jumatatu ikapita, na Jumanne. Jumatano saa nne asubuhi Euphrasia alijifunga kanga juu ya koti, akabeba bakuli la ndizi na nyama lililoviringishwa taulo, akatia kikapu kidogo cha kahawa kwenye mkoba, akatoka. Njia ya Greenbelt ya zamani inapita chini ya barabara kwa vijia vya watembea kwa miguu, na majani makavu yalikuwa mengi kiasi kwamba alitembea kama mtu anayevuka mto. Nyumba za huko ni za safu, ndogo ndogo, zimeshikana, za tangu kabla ya vita. Ya Ernestine ilikuwa ya mwisho kwenye safu, ina mlango wa bluu. Tangu mkwe wake ahamie hapo, Euphrasia aliujua ule mlango kwa kuuona tu akipita.

Ernestine alifungua mwenyewe. Sasa alikuwa na fimbo, lakini mgongo ulikuwa ule ule.

"Bi Euphrasia."

"Bi Ernestine."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ingia. Nilijua utakuja siku moja, ila nilidhani itakuwa kwa msiba."

Ndani kulikuwa na vitabu kama jikoni mwa Euphrasia kulivyokuwa na sufuria, kila ukuta, mpaka juu ya friji. Ni vile vile alivyokuwa akivisoma yeye kwenye mapumziko, vya rangi na damu na nani kazaliwa na nani. Ernestine alifundisha shule miaka thelathini na minne, na sasa kila Jumatano saa nane kundi la wanawake lilikuja hapo kusoma na kubishana. Viti vilikuwa vimeshapangwa. Walikaa jikoni.

Ernestine alilitazama bakuli likifunguliwa. "Hicho ndicho chakula nilichokiacha?"

"Kile kililiwa. Kalisti alikula cha kwake na cha kwako."

"Yule mwenye tumbo?"

"Yule yule."

Wote wawili walitazama chini wasije wakacheka mapema.

"Nimeusoma ukurasa wa mtoto," alisema Euphrasia.

"Nilimwambia autoe."

"Wewe?"

"Nilimwambia, bibi yako ni mzee, yaliyopita yamepita, usimwaibishe."

Damu ilimpanda Euphrasia mpaka masikioni. Alijiandaa kwa kila kitu njiani, kulaumiwa, kufungiwa mlango, hata kuombwa radhi. Kuhurumiwa hakujiandaa. "Mzee nani? Si unanizidi miaka sita wewe! Na nani kakuomba unisitiri?"

"Hakuna," alisema Ernestine kwa utulivu. "Ndiyo maana nilifanya bila kuombwa."

Basi Euphrasia akaeleza. Kiingereza chake cha kazini kilitosha kwa hilo. Alieleza mchezo wote, maswali matatu, mgeni anavyotakiwa kukataa, kuchokozwa, kurudishia. Alieleza kwamba hata mumewe aliulizwa hivyo alipokwenda kumposa kwa baba yake, na kwamba babu yake upande wa mama aliwaita wakwe wezi wa mbuzi, wakacheka wote mpaka pombe ikamwagika.

"Nami hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyekwambia."

"Kwa hiyo ulikuwa mchezo," alisema Ernestine.

Hapo ndipo angeweza kuishia. Mkwe wake alikuwa amemfungulia mlango na amesimama pembeni apite. Angesema ndiyo, wangekunywa chai, Violet angeambiwa aandike neno "utani" mahali fulani, na jina lingekaa salama. Euphrasia alilifikiria hilo kwa muda wa kumeza mate.

"Nusu," alisema.

Ernestine aliinua macho.

"Nusu ulikuwa mchezo. Nusu niliyasema kwa moyo. Nilimtazama kijana wako, mzuri, mpole, nikajiuliza, babu wa babu yake ni nani? Nilijua huwezi kujibu. Watu wote tunajua mlivyoletwa huku. Nikauliza hivyo hivyo. Mara tatu." Alishika ukingo wa meza. "Wakati ule kazini nilikuwa nageuza wagonjwa, nabadilisha nepi, wazee wa kizungu wananiita 'wewe'. Hata jina langu kwenye kifua hawalisomi. Siku ile nilikuwa na kitu ambacho mwanamke mwenye kofia ya maziwa na elimu yake hana. Nilipenda kuwa nacho. Halafu nikasahau kwamba nilipenda. Nikakumbuka tu kwamba ulitema kahawa."

Birika lilianza kulia. Ernestine alilitoa motoni, akarudi kukaa.

"Sikutema kahawa," alisema mwishoni. "Nilitema jino."

"Nini?"

"Mbegu zenu zile! Nilikuwa na jino lililozibwa hapa nyuma. Niliuma mara moja, kach! Nikalitoa na kitambaa. Nikakaa saa nzima jino liko kwenye mkoba, nusu ya uso inaniuma, unaniuliza mimi ni mtu wa wapi, na nikifungua mdomo upepo unaingia."

"Yesu na Maria!"

"Jumatatu nilikwenda kwa daktari. Akaniuliza, umekula nini? Nikamwambia, ukarimu."

Euphrasia alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, na Ernestine akacheka kwa mabega bila sauti, akijifuta macho na taulo la bakuli.

Walipotulia, Ernestine aligonga sakafu kwa fimbo mara moja. "Unajua kwa nini nilinunua nyumba hii?"

"Sijui." Na hapo Euphrasia akaona kwamba kweli, tangu ile siku aliyouliza mara tatu, hakuwahi kumwuliza mwanamke huyu kitu kingine chochote.

"Baba yangu alichimba misingi ya safu hii, mwaka wa thelathini na sita. Kwa sepetu. Nyumba zilipokwisha, waliopewa walikuwa wazungu watupu. Yeye kila jioni alipandishwa lori pamoja na wenzake wakarudishwa mjini. Nilipostaafu nikaitafuta safu yenyewe. Ninalala juu ya shimo alilochimba." Aliegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mgongo zaidi kama hilo liliwezekana. "Sasa uliza tena."

"Niulize nini?"

"Unajua ni nini. Umenieleza mchezo, nimeuelewa. Nilikuwa mwalimu."

Euphrasia alisimama. Akakaza kilemba, akafunga kanga upya, kwa kuwa swali hili haliulizwi ukiwa umekaa. Akatoa kikapu mkobani, akakifunua, akapiga goti kadiri goti lilivyokubali. Ernestine akachukua buni moja, akaishika tu kwenye vidole.

"Ninyi ni watu gani?"

"Sikwambii."

"Mkwe, nakuuliza mara ya pili. Ninyi ni watu gani?"

"Kwani unataka kutuhesabu?"

Mara ya tatu haikufuata. Alisimama na kikapu mkononi.

"Sema," alisema Ernestine. "Lile lile."

"Siwezi."

"Lisemwe, Bi Euphrasia. Ninalo jibu lake na limekaa miaka ishirini na saba, litaoza."

Akalisema basi, kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akitumia kwa wagonjwa wanaokata roho. "Tunamtoa binti yetu kwa watu wasio na kwao."

"Wasio na kwao!" Ernestine alipiga meza, vijiko vikaruka. "Wewe! Wewe uliyeshuka juzi kwenye ndege na mzigo wa ndizi, unapanga chumba juu ya udongo uliogeuzwa na baba yangu, miaka thelathini na tano hujui hata kuvaa soksi moja ikatosha, wewe ndiye wa kuniuliza kwetu? Sisi tulikuwa hapa kabla hawajajua mahali hapa pataitwaje. Kama si sisi, ungemkuta nani wa kukuonyesha basi?"

Euphrasia alipiga kigelegele. Kilimtoka chenyewe, katikati ya safu za nyumba tulivu za Greenbelt, na mbwa wa jirani akaanza kubweka.

"Sasa taja," alisema akihema. "Taja ukoo."

Ernestine alishusha pumzi. Sauti ikawa ya kawaida. "Sisi ni watu wa Hester. Mama wa babu yangu. Aliuzwa mara mbili kabla hajatimiza miaka kumi na mitano, kwenye mashamba ya tumbaku huko kusini mwa Maryland. Nyuma yake hatujui. Tumetafuta, karatasi zinaandika umri na bei tu. Basi tunaanzia kwake. Na alipokuwa huru alisema hakuna mtu wa tumbo lake atakayeigusa tumbaku tena, kuilima, kuiuza wala kuivuta. Mpaka leo. Ryan nilimkuta na sigara akiwa na miaka kumi na sita, nikamtoa nje, viatu mkononi, theluji inaanguka."

Euphrasia alikumbuka siku ya harusi. Kalisti aliwasha kiko chake, na bwana harusi akainuka kwenye meza kuu, akaenda kusimama mbali. Wakasema ana maringo kama mama yake.

"Mkwe," alisema, "huo ni mwiko."

"Sisi tunaita neno la Hester."

"Ni mwiko. Mnao ukoo na mwiko. Ningejua siku ile ningekunyima nini?" Alikaa, goti likamshukuru. "Kwetu hatuli pongo. Watoto si ndugu. Wanaweza kuoana."

"Nashukuru," alisema Ernestine. "Wamepata wasiwasi wa bure muda wote huu."

Akaitia ile buni kinywani, akaisogeza upande wenye meno mazima, akaanza kuitafuna kwa uangalifu mkubwa.

Simu alipiga Euphrasia, akaiweka mezani isikike. Violet aliitikia kwa haraka ya mtu aliye kazini.

"Bibi? Kuna nini?"

"Niko kwa Bibi yako Ernestine."

"Nani kafa?"

"Kwa nini ukoo huu mzima mnaniuliza nani kafa? Sikiliza. Ule ukurasa."

"Nautoa, Bibi. Nimeshaamua, usijali, mimi..."

"Nani amekwambia utoe? Niliyasema. Yaache kama yalivyo, na jina langu lote, Euphrasia, usiandike bibi wa Bukoba kama vile Bukoba ina bibi mmoja. Ila umekosea. Umeandika niliuliza mara moja. Niliuliza mara tatu. Na umeandika hakujibu, ukaishia hapo. Jibu analo, liongeze. Atakwambia mwenyewe."

"Na jino," alisema Ernestine, mdomo umejaa.

"Na jino."

Ilisikika pumzi ya msichana kwenye simu, na kiti kikivutwa. Alipoongea aliongea Kiswahili kitupu, kimevunjika hapa na pale lakini chote. "Bibi, Ijumaa ni keshokutwa."

"Basi kaa chini uandike," alisema Euphrasia, akavuta sahani mbili za mkwe wake kutoka rafuni bila kuuliza zinakaa wapi. "Sisi tunakula."